Sheria ya Utani Kazini

Wapo watu wanaodai kwamba nchi ya Shwarini haipo. Hao ni watu ambao hawajawahi kutafuta kazi. Sikudhani aliitafuta, akaipata, na ndiyo maana habari za nchi hiyo tunazo kwa ukamilifu, pamoja na hotuba zake zote.

Kabla ya sheria mpya, vijana wa Shwarini walikuwa na ugonjwa mmoja mbaya: walikuwa wakiulizia mikataba. Kijana anaingia kiwandani, anaambiwa yuko kwenye majaribio, anajaribiwa mpaka ndevu zinamwota, na badala ya kushukuru kwamba bado kuna mtu mwenye moyo wa kumjaribu, anauliza mkataba wake uko wapi. Waajiri waliumia sana. Wengine walishindwa kula. Chama chao kikapeleka malalamiko serikalini kwamba vijana wanawaangalia kwa jicho baya, na serikali, ambayo haipendi kumwona mtu mzima akilia, ikamtuma Waziri wa Vijana na Maelewano, Mheshimiwa Sifaeli Ndimbwelu, akakae mahali afikiri.

Mheshimiwa akaenda akakaa. Alikaa kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, akafikiri mpaka ngozi ya vidole vyake ikakunjamana, na alipotoka majini alikuwa na jibu.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, "je, babu zetu walikuwa na mikataba?" Akanyamaza ili nchi nzima ijibu. "Hawakuwa nayo! Walikuwa na utani! Mtani akikutukana, unacheka. Akikuchukulia kuku wako, unacheka. Na siku ukifa, mtani huyo huyo ndiye anayekuchimbia kaburi na kupika msibani kwako. Sasa niambieni, ni mkataba gani uliowahi kumchimbia mtu kaburi? Kuanzia leo, mwajiri na mfanyakazi kijana ni watani! Hatuna tena bosi! Hatuna tena kibarua! Tuna watani wawili wanaochekeana, na katikati yao uzalishaji!"

Bunge likaipitisha Sheria ya Utani Kazini kabla ya chakula cha mchana. Ilipita kwa kauli moja, na wabunge kadhaa wakaipitisha tena jioni kwa kuwa mara ya kwanza walikuwa wamelala.

Sikudhani aliisikia hotuba ile akiwa kazini, katika kiwanda cha magodoro cha Usingizi Mnono, na alipiga makofi kuliko mtu yeyote. Alikuwa na sababu. Yeye utani aliujua kwa kuuona. Babu yake alipofariki, mzee mmoja, mtani wa ukoo, alikuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mlima na jembe begani. Alimtukana marehemu toka uani mpaka makaburini, akavaa koti lake, akaiga mwendo wake wa kuchechemea hadi wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Kisha akachimba kaburi peke yake, akakataa kusaidiwa. Tangu siku ile Sikudhani aliamini kwamba duniani kuna watu wa namna mbili, wanaokusifia halafu wanatoweka, na watani.

Kwa hiyo vijana wenzake walipoletewa fomu za kukubali utani wakaanza kusitasita, alipanda juu ya rundo la magodoro akawahutubia. "Karatasi inachanwa," aliwaambia. "Mtani anakwenda wapi? Mtani hakuachi! Wekeni dole gumba, jamani, msiogope."

Wa kwanza kumfuata alikuwa Zamoyoni. Huyu alikuwa kijana mrefu wa mashine ya kukatia sponji, asiye na mama wala ndugu wa kike, na tangu aingie kiwandani alikuwa akila mchana kwenye bakuli moja na Sikudhani. Alimwita dada. Aliweka dole gumba bila kuuliza kitu, kisha akamgeukia Sikudhani akacheka, akiwa na wino mpaka kwenye kiwiko.

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu, tusiseme uongo. Sikudhani alikuwa na haki kamili ya kisheria kumwambia Mzee Kipukuswa, mwenye kiwanda, kwamba tumbo lake lingetosha kutandikwa shuka la futi sita kwa sita. Alimwambia hivyo mbele ya wageni kutoka nje, na Mzee Kipukuswa akacheka mpaka akajifuta macho kwa tai. Zamoyoni naye akamvua bosi kofia, akaivaa, akazunguka nayo kiwanda kizima akitoa amri za kipuuzi kwa sauti ya mwenyewe, na hakuna aliyemgusa. Vijana walirudi nyumbani wakisimulia, na wazazi wao wakasema kweli nchi imebadilika.

Kisha ikafika zamu ya mtani wa pili. Mzee Kipukuswa alikuwa na utani wake pia, na alikuwa na ari ya mtu aliyeanza jambo ukubwani. Alianza na vitu vidogo. Aliondoa mabenchi ya kupumzikia, akasimama dirishani akiwatazama vijana wakitafuta pa kukaa, akafurahi kama mtoto. Alimpa binti mmoja likizo ya uzazi kwa mikono miwili, na aliporudi na kichanga mgongoni akamkodolea macho: "We nani?" Ijumaa moja akawafukuza wote kazi, Jumatatu akawaita tena. "Mliamini?" alisema, mbavu hana. "Enhe, mliamini!" Na kwa kuwa kisheria walikuwa wameanza kazi upya asubuhi ile, wote wakarudi kwenye majaribio. Utani huo ulimkolea, akawa anaurudia kila mwezi.

Kucheka lilikuwa jambo la lazima. Watani hawanuniani, na sheria ilisema wazi kuwa kijana atakayemnunia mtani wake amevunja utani kwa hiari yake mwenyewe na hana cha kudai. Serikali ikaajiri Wakaguzi wa Kicheko. Walipita viwandani na miwani yao wakichungulia vinywa vya watu, na kiwanda ambamo meno yalionekana kwa wingi kilipewa kikombe. Usingizi Mnono kilipata kikombe mfululizo.

Lililofuata halikumchekesha Sikudhani hata kidogo.

Mashine ya kukatia sponji ilikuwa na bati la kukinga vidole visifike kwenye kisu. Bati lile lilikuwa likichelewesha kazi. Mzee Kipukuswa akaling'oa mwenyewe, akalificha, akawatangazia vijana walitafute. Atakayeliona atapewa soda. Walilitafuta kwenye stoo, wakalitafuta juu ya dari, wakalitafuta hata ndani ya magodoro, huku bosi akiwapigia kelele, "Baridi! Baridi! Hapo moto!" Halikuonekana. Mwishowe wakachoka kutafuta, kazi ikaendelea, na Zamoyoni ndiye aliyekuwa kwenye kisu.

Vilikwenda vidole viwili vya mkono wa kulia. Sikudhani alivua kanga aliyojifunga kiunoni, akamfunga mkono, akapanda naye nyuma ya lori la magodoro hadi hospitali akiwa amemkumbatia kichwa. Njia nzima Zamoyoni alikuwa akisema, "Dada, usiniache. Dada, usiniache," na yeye akijibu, "Nipo, Zamo. Nipo." Magodoro yaliyolowa damu yaliuzwa baadaye kwa bei ya mteremko.

Mzee Kipukuswa alikuja wodini na wapiga picha. Alileta zawadi ya glovu, na kwenye glovu ya kulia alikuwa ameagiza vidole viwili vishonwe. "Usijali, mtani," alisema. "Sasa hata kucha utakata haraka!" Wapiga picha wakacheka. Wagonjwa wa vitanda vya jirani, ambao baadhi yao walikuwa vijana na walijua sheria, nao wakacheka. Zamoyoni akageuza uso ukutani. Mkaguzi wa Kicheko, aliyekuwa amesimama mlangoni, akavaa miwani yake vizuri, akatazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Zamoyoni alitoka hospitalini akiwa ameshaachishwa kazi kwa kosa la kumnunia mtani.

"Achana nayo, dada," alisema. "Nitauza maji barabarani."

"Siachi," Sikudhani akamjibu. "Mimi ndiye niliyekwambia uweke dole gumba."

Akaenda Ofisi ya Ulinzi wa Wafanyakazi Vijana. Baada ya sheria mpya ofisi hiyo ilikuwa imehamishiwa Idara ya Ngoma na Mila, kwa hiyo alimkuta afisa wake, Bi Nambwali, akiwa amezungukwa na vinyago na marimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ngoma au kwa vidole?"

"Kwa vidole."

"Kaa." Bi Nambwali alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika ofisi za Shwarini. Kisha akashusha pumzi. "Mahakama haisikilizi utani, mwanangu. Ukipeleka, hakimu atakucheka, na atakuwa ametekeleza sheria. Lakini wewe si unaujua utani wa kwelikweli? Mtani hudai wapi?"

Sikudhani akafikiri. "Msibani," akasema polepole.

"Msibani! Mtani akiingia kaburini kabla ya jeneza, nani wa kumtoa?"

"Hakuna. Mpaka apewe anachotaka."

"Basi hilo nalo limo kwenye sheria. Mheshimiwa alibeba mila nzima nzima bila kuichambua, likapita humo humo." Bi Nambwali akapunguza sauti. "Ila kumbuka, ni kitu kimoja tu. Mtani hadai viwili."

"Kwa hiyo nisubiri afe mtu?"

"Yeye au wa kwake. Haki ipo, mwanangu, ila haijapangiwa siku."

Maneno haya hayakukaa ofisini mle. Baada ya muda mfupi vijana wa Shwarini nzima walikuwa wakisikiliza matangazo ya vifo kwa makini kuliko mpira. Walianza kuwajulia hali waajiri wao kwa upendo ambao haukuwahi kuonekana. "Bosi, kile kifua kimepona? Kimepona kabisa? Aa, pole." Waajiri nao wakashtuka, wakaanza kufa kwa siri. Mwenye kiwanda cha sabuni alizikwa ndani ya kasha la sabuni, familia ikatangaza kwamba amesafiri kikazi, na anaendelea kusafiri hadi leo. Tajiri mmoja wa mabasi alikatazwa na wanawe kufa kabisa. Walimvalisha suti kila asubuhi na kumweka barazani, na mkaguzi alipopita akamsifu kwa utulivu wake.

Lakini mama mzazi wa Mzee Kipukuswa hakufichika. Bibi yule alikata roho katikati ya harusi ya mjukuu wake, akicheza, mbele ya wageni wote na mpiga video.

Vijana wa kiwanda walikutana chumbani kwa Zamoyoni alasiri ile ile. Wengine walitaka lidaiwe bati la kisu. Wengine walitaka mabenchi. Yule binti wa kichanga alitaka likizo yake. Sikudhani akawasihi. Akasema mtani anadai kitu kimoja, na kitu hicho kiwe Zamoyoni arudishwe kazini kwa mkataba wa kweli, wenye matibabu na likizo na kiinua mgongo, kwa sababu akipata mmoja mlango umeshafunguka, naye atakuwa ndani akiwavuta wenzake. Walibishana, wakakubali. Zamoyoni alikuwa amekaa chini, mkono umefungwa, analia kama mtoto.

"Nikiingia mimi, dada," alisema, "wa pili ni wewe. Sitakaa chini mpaka uwe wewe. Mama yangu huko aliko ananisikia."

"Usiape, Zamo," Sikudhani alimwambia. "Nakuamini."

Mazishi yalifana. Mheshimiwa Waziri alihudhuria na televisheni yake, maana alitaka taifa lione mila ikifanya kazi. Tangu asubuhi vijana walichimba kaburi huku wakiimba na kumsema vibaya marehemu inavyopasa. Sikudhani alijifunga kanga ya bibi, akaiga jinsi alivyokuwa akimkaripia Mzee Kipukuswa utotoni kwa kukojoa kitandani, na safari hii bosi alicheka kicheko cha kweli, kile cha mtu aliyefiwa, mpaka Sikudhani akamwonea huruma. Jeneza lilipokaribia, akaruka ndani ya kaburi akalala chali.

"Bibi halali humu!" akapiga kelele. "Kitanda kina mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Kipukuswa akatupa noti ikamwangukia kifuani. Sikudhani akairudisha juu. Akatupiwa ya pili, akairudisha. Watu wakazidi kucheka. Ndipo akasema anachotaka, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, na kicheko kikakoma kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Mtoeni," akasema Waziri.

"Haiwezekani!" Alikuwa shangazi wa Mzee Kipukuswa, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. "Mtani hatolewi kwa nguvu, we baba, sijui umetoka wapi! Mpeni haki yake, maiti anapigwa na jua!"

Sikudhani aliwasikia akiwa chini. Udongo ulikuwa na ubaridi mzuri. Juu yake aliona kipande cha mbingu na nyuso zikichungulia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya hotuba aliona sheria ya nchi imesimama upande wake. Alifurahi. Hakuwa na hofu hata chembe. Alisikia Waziri, bosi na Zamoyoni wakiitana, wakaenda nyuma ya gari lililoleta viti. Sauti ya Waziri ilikwenda na kurudi kwa muda mrefu. Kisha akamsikia Zamoyoni akicheka. Kijana hakuwa amecheka tangu aumie, na Sikudhani, akiwa amelala ndani ya kaburi la watu, akamshukuru Mungu.

Zamoyoni akatokea ukingoni, akainama, akanyoosha mkono.

"Toka, dada. Wamekubali."

Akaushika mkono ule, akaisikia nafasi ya vidole visivyokuwepo, akapanda juu. Jeneza likashushwa upesi upesi, kama vile bibi alikuwa akichelewa mahali.

Waziri akapanda juu ya kiti. "Ndugu waombolezaji! Leo Shwarini imetoa mkataba wa kweli wa kwanza kwa kijana! Ndugu Zamoyoni anakuwa Msimamizi wa Mashine, mwenye matibabu, mwenye likizo, mwenye kiinua mgongo! Kuanzia dakika hii si mtani wa mtu. Ni mwajiriwa! Hatanii wala hataniwi!"

Sikudhani akapiga vigelegele mpaka koo likamuuma. Alimkumbatia yule binti wa kichanga, wakarukaruka pamoja.

"Aidha," Waziri akaendelea, "Ndugu Zamoyoni, kwa uungwana wake, ametufafanulia kwamba vidole vyake vilikatika nyumbani akipasua kuni. Mashine haina hitilafu. Na kwa niaba ya vijana wote ametuomba tusiwabughudhi wenzake kwa mikataba, maana utani wao wanaupenda sana. Serikali sikivu imelikubali ombi hilo. Mtani alidai kimoja, amepewa kimoja. Fukieni!"

Majembe yakaanza. Sikudhani alimtafuta Zamoyoni kwa macho akimngoja akanushe, acheke, arushe kofia ya mtu hewani, afanye chochote. Zamoyoni alikuwa akizungumza na Mzee Kipukuswa, wameinamiana. Kisha akaja alipo, karatasi imechungulia kwenye mfuko wa shati. Hakumtazama usoni.

"Jumatatu uwahi, Sikudhani," alisema. Hakumwita dada. "Utakaa kwenye kisu."

"Kisu kipi?"

"Kile nilichokuwa nakaa mimi. Nafasi iko wazi."

"Na bati?"

"Bati la nini? Si umesikia mashine haina hitilafu?"

Sikudhani aliwahi kufiwa, aliwahi kufukuzwa, aliwahi kulala njaa ili mtu huyu huyu ale, lakini uchungu uliomshika pale hakuwahi kuujua. Nyuma yake wenzake waliendelea kufukia, maana sheria iliwataka wafukie, na Mkaguzi wa Kicheko alikuwa ameshavaa miwani anapita kinywa kwa kinywa. Akamshika Zamoyoni mkono, ule ule aliowahi kuufunga kwa kanga yake.

"Zamo, mdogo wangu," akasema. "Niambie unanitania."

Zamoyoni akageuka kwanza kuangalia kama bosi anasikia. Kisha akautoa mkono wake taratibu.

"Mimi sitanii," alisema. "Mimi nina mkataba."